Upanga Uliotoka Mapema

Dakika ya tatu upanga ukatoka alani
na ukumbi mzima ukaguna
kama wanachuo waliomsikia mwenzao akiruka aya.

Nilikuwa mlangoni na kurunzi yangu,
shati jeusi, beji yenye jina langu, herufi moja imekosewa.
Sikuelewa kosa.
Si ndiyo kazi ya upanga, kutoka?
Lakini binti aliyevaa kimono cha pazia
(pindoni bado yapo matundu ya vikulabu)
alijishika kichwa, akasema:
"Siyo Genzaburo huyo. Siyo."

Walianza kuja tangu saa kumi, Winnipeg imeganda,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
foleni imekunja kona ya barabara ya Portage,
panga za mbao zimechomoza kwenye makoti,
mitalawanda juu ya soksi tatu tatu,
ko, ko, ko, juu ya barafu.
Bohdan, mkata tiketi, aliwanyang'anya silaha,
akazisimamisha ndani ya ndoo ya miavuli,
kila mmoja akapewa kikaratasi cha namba.
"Mtarudishiwa mkitoka," alisema. "Mkitoka hai."

Mimi filamu huitazama migongoni mwa watu.
Mgongo ukinyooka, pana jambo.
Ukilegea, subiri, simu zitawaka.
Usiku ule migongo iligombana:
safu hii imesimama wima, ile imezama vitini,
na ilipofika daraja, theluji ikidondoka bila muziki,
hakuna aliyetafuna.
Muuguzi aliyekuja na sare yake ya zamu
alijiziba mdomo kwa skafu.
Ndipo sauti nzito ikatoka nyuma:
"Na farasi? Farasi wamemla?"
Wakacheka, wakamzomea, wakacheka tena.

Taa ziliwaka, hawakwenda kwao.
Walisimama kuizunguka ndoo.
"Kovu liko shavu la kushoto!"
"Alikuwa akijitazama majini, ndiyo maana."
"Maji gani? Mto umeganda!"
"Miaka sita anatembea, hauchomoi,
watoto wanamtupia mawe, hauchomoi,
mpaka juzuu ya tisa. Ya tisa!
Hawa wameshindwa kumvumilia dakika tatu."
Kijana mmoja mwembamba akasema taratibu,
kama mtu anayekiri deni,
"Mimi nimeipenda."
Wote wakamgeukia.
Hakuna aliyekuwa na upanga bado, kwa bahati yake.

Saa saba usiku nikafagia bisi.
Chini ya kiti cha kumi na nne, safu ya saba, kitabu,
kona zimelika, kinanuka chumvi na siagi.
Nilikifungua, nikakuta mwisho.
Nikakirudisha, mkono ukakumbuka wenyewe:
kulia kwenda kushoto,
kama nilivyofunguliwa juzuu yangu ya kwanza
nikiwa na miaka mitano na kamasi.
Nikaketi, fagio katikati ya magoti.

Ukurasa: mkono juu ya mpini.
Ukurasa: mkono juu ya mpini, na nzi.
Ukurasa: nzi ameruka.
Farasi huyo hapo, anapiga chafya.
Jiwe linakuja. Mkono juu ya mpini.
Sikujua maneno yale madogo yanasema nini,
lugha yao siisomi,
ila nilijua vidole vimechoka,
nilijua vimechoka vipi.
Kisha nikafunua,
na kurasa mbili nzima zilikuwa nyeupe,
zimekatwa na mstari mmoja.

Nikaguna. Peke yangu, viti mia mbili na kumi.

Kioo cha mlango kikagongwa.
Binti wa pazia, kope zimeshika jalidi,
kikaratasi cha namba mkononi, upanga ameusahau,
kitabu pia.
"Filamu mbaya sana," akaniambia kabla ya salamu.
"Mbaya mno. Wamemharibu."
"Pole," nikasema.
"Nimekata tiketi ya kesho. Na ya Jumapili, na mama."
Akanyosha mkono apewe chake.

Nilimpa upanga kwanza.
Kidole changu kilikuwa bado ukurasani.